Nikipunguza usingizi ili nifanye mazoezi, nitapungua uzito?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 38. Tangu nianze kupambana na uzito naamka saa kumi alfajiri ili nikimbie kabla ya kwenda kazini, na kulala ni saa tano usiku, siku nyingine saa sita. Chakula nimepunguza. Mwezi wa kwanza mizani ilishuka vizuri, sasa imegoma, na usiku njaa inanishinda kabisa. Mwenzangu ananisihi nilale zaidi. Mimi naona anayelala sana ndiye anayenenepa, kwa sababu akiwa amelala mwili hauchomi chochote. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Mwenzako yuko sahihi, ingawa hoja yako nayo haikutoka hewani. Ni kweli mtu aliye macho hutumia nishati zaidi kidogo kuliko aliyelala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Watu wazima 16 walipewa nafasi ya kulala saa 5 tu kwa usiku, siku 5 mfululizo, na matumizi yao ya nishati yakapanda kwa takriban asilimia 5. Lakini waliruhusiwa kula watakavyo, nao wakala kupita kiasi kilichoongezeka kutumika, hasa baada ya chakula cha usiku. Siku hizo chache zikawaongezea karibu gramu 800 za uzito. Kwa hiyo hiyo njaa ya usiku usiichukulie kuwa ni kukosa msimamo. Kwa mtu anayelala kwa muda wa saa 4 au 5 tu, ndivyo inavyotarajiwa.

Wengi hulieleza jambo hili kwa homoni mbili: leptini, inayotoka kwenye seli za mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, na grelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa. Katika utafiti wa Chicago wa mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walibanwa wakalala saa 4 tu kwa usiku, siku 2. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu ya vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga ikaongezeka. Matokeo hayo yanatajwa sana, kwa maoni yangu kupita uzito wake, kwa sababu majaribio mengine yaliyofuata hayakuona homoni zikibadilika namna hiyo. Linalojirudia katika tafiti nyingi ni ulaji wenyewe: aliyenyimwa usingizi anakula zaidi, na anachagua chakula chenye nishati nyingi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni aina ya uzito unaoupoteza. Chicago hukohuko, mwaka 2010, watu 10 wenye uzito uliozidi waliwekwa kwenye mlo wa kalori chache kwa siku 14, kila mmoja mara mbili. Mara moja alipewa saa 8 na nusu za kuwa kitandani kila usiku, mara nyingine saa 5 na nusu. Mlo ulipunguzwa vilevile. Mizani haikuona tofauti yoyote ya maana, kwani kila awamu walipungua karibu kilo 3. Lakini walipolala vya kutosha, kilo 1.4 kati ya hizo zilikuwa mafuta. Walipobanwa usingizi, mafuta yaliyotoka ni kilo 0.6 tu, sehemu kubwa ya kilichobaki ilitoka kwenye tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo. Na njaa ikawa kali zaidi. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo tarakimu hizo usizichukue kama kipimo chako. Ila mtu anayeamka saa kumi kukimbia, akala kidogo na kulala kwa muda wa saa 4 tu, anajiweka katika hali ileile.

Mizani kugoma baada ya mwezi wa kwanza kuna sababu nyingine pia, na sitaki usingizi ubebe lawama zote. Maji yanayotoka mwanzoni mwa mlo mpya yameshatoka, na mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kuliko awali.

Je, ukiongeza usingizi utapungua? Jibu zuri lilipatikana mwaka 2022. Watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, waliokuwa wakilala chini ya saa 6 na nusu, walishirikishwa wakiwa majumbani kwao. Nusu yao walipewa ushauri wa usingizi tu, bila neno lolote kuhusu mlo. Waliongeza takriban saa moja na dakika kumi za kulala, na ulaji wao ukawa chini kwa karibu kalori 270 kwa siku ukilinganisha na wenzao. Jaribio lilikuwa la wiki 2, kwa hiyo siwezi kukuahidi kilo kadhaa kwa mwezi.

Wewe anza na saa ya kulala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kama saa kumi haisogei, ungelazimika kuwa umeshasinzia saa tatu usiku, jambo ambalo naona ni gumu kwako. Afadhali mbio za alfajiri zibaki siku 2 kwa wiki, siku nyingine utembee kwa kasi mchana au jioni, na uongeze mazoezi ya kubeba uzito ili kulinda misuli. Kitandani wahi kwa nusu saa kwanza, ukizoea uongeze nyingine. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai, iishe mchana: dozi kubwa, miligramu 400, iliyonywewa muda wa saa 6 kabla ya kulala imeonekana kupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Na kwa miezi hii pima kiuno kwa futi kamba pamoja na mizani, kwa sababu mizani peke yake haitakuambia kama kilichotoka ni mafuta au misuli.

Nina swali moja ambalo mwenzako ndiye anaweza kulijibu: unakoroma? Je, kuna wakati pumzi inakatika, kisha unashtuka kwa kuhema? Kama ni hivyo, na mchana unasinzia hata ukiwa umekaa na watu, mwone daktari upimwe tatizo la kukatika pumzi usingizini kabla ya kubadilisha chochote kingine. Uzito uliozidi huleta tatizo hilo, na kupungua hata asilimia 10 ya uzito hulipunguza kwa kiasi kinachopimika. Lakini likiwepo, saa 8 kitandani hazitakupa usingizi wa saa 8. Dawa za usingizi usijinunulie, kwani baadhi yake hulegeza koo na kuzidisha kukatika huko kwa pumzi.