Jibu: Mshubiri uliowasha kwenye jeraha la moto

Salama mkuu. Umesema uliungua na uji, ukavunja jani la mshubiri na kupaka palepale, ngozi ikaanza kuwasha. Osha kwanza, kisha angalia jani lilitoa nini. Kama ni maziwa meupe, huo si mshubiri. Kama ni utomvu wa njano, mchawi wako ndiye huyo: unakaa chini tu ya ganda, mchungu balaa. Tunachopaka ni ute wa katikati, ule kama maji yaliyoganda.

Mimi hapa Dodoma nakata jani la chini lililonona, nalisimamisha kwenye kikombe, mkato ukiangalia chini, kama robo saa. Njano ikishachuruzika (doa lake kwenye nguo halitoki), namenya ganda na kusuuza ute. Ukiona malengelenge makubwa, achana na majani, nenda zahanati.

Aliyekushauri unywe, usimsikilize. Utomvu ule unaharisha vibaya, na mjamzito asiuonje. Marekani waliondoa madukani dawa zake za kulainisha choo mwaka 2002. Bibi yangu wa Mpwapwa aliwatilia kuku utomvu huo kwenye maji wakati wa mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Sisi hatukuonjeshwa.