Jibu: Kwa nini wamekataa `long` kwenye ioctl yako

Ndugu yangu, unasema draiva yako ya Linux (programu ya kuendesha kifaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo) imekataliwa na wakaguzi kwa sababu ya `long` moja tu, ile aina ya namba nzima ya lugha ya C, na kwenye laptopu yako inafanya kazi bila shida. Yangu nayo ilikuwa inafanya kazi.

Tulikuwa na mita za pampu za maji za sola kule Arua, Uganda, kila moja na bodi ndogo yenye prosesa ya ARM inayoendesha Linux. Programu ilikuwa inaomba vipimo kwa draiva yangu kupitia ioctl (wito wa programu kwa draiva, wenye namba ya amri), kwa struct hii, yaani kifurushi cha data:

```
struct kipimo {
    int  pampu;
    long muda;
    int  lita;
};
```

Mwanzoni vyote vilikuwa vya biti 32. Baadaye tukahamia kerneli ya biti 64, programu ikabaki ya 32 maana maktaba ya modemu tuliyouziwa haikuwa na toleo jingine. Mimi Kampala nikajaribu kwa programu ya biti 64, ikapita, nikatuma. Kesho yake mita zote kimya, logi imejaa ENOTTY (kosa la kusema amri ya ioctl haijulikani). Nikapanda basi la usiku nikiamini ni waya. Panya, labda.

Waya ulikuwa mzima. Kwenye Linux `int` ni baiti 4 kote, ila `long` ni 4 kwenye biti 32 na 8 kwenye biti 64. (Windows ya biti 64 huiacha `long` kwenye 4, kwa hiyo hata mazoea ya huko hayakusaidii.) Programu iliiona struct ile ni baiti 12. Kerneli iliiona ni 24, maana kompaila iliacha mashimo mawili ya baiti 4 ili `muda` ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Na makro ya `_IOR`, inayotengeneza namba ya ioctl, huuingiza ukubwa wa struct ndani ya namba hiyo yenyewe. Programu ilikuwa inataja namba ambayo kerneli haijawahi kuisikia.

Kilichonimaliza ni kwamba sikuwa nimejaza `.compat_ioctl` (sehemu ya draiva inayopokea ioctl za programu za biti 32 kwenye kerneli ya biti 64), nalo kosa hilo hurudisha ENOTTY ileile. Nikarekebisha struct, hakuna kilichobadilika, nikairudisha ilivyokuwa! Siku nzima ikaenda hivyo. Siku hizi naweka hapo `compat_ptr_ioctl` ya kerneli yenyewe, na struct ni hii (`__s64` ni biti 64 zenye alama na `__u32` ni biti 32 zisizo na alama, popote pale):

```
struct kipimo {
    __s64 muda;
    __u32 pampu;
    __u32 lita;
    __u32 hali;
    __u32 akiba;
};
```

Hiyo `akiba` usiione ya bure. Bila hiyo, x86 (prosesa za Intel na AMD) ya biti 32 inahesabu baiti 20 na ya biti 64 inahesabu 24. ARM ya biti 32 ingekuficha, kwa kuwa yenyewe hupanga `__s64` kwa 8. Ijaze sifuri kabla ya kutuma, usije ukavujisha kumbukumbu ya kerneli. Mimi naongeza `static_assert` ya 24 chini yake, ukubwa ukibadilika kodi isikompailike kabisa.

`muda` nayo, inayohesabu sekunde tangu 1970, ingebaki biti 32 zenye alama, ingejaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kampala. Pampu huishi miaka mingi.

Ndani ya kerneli, mbali na mpaka wake na programu, `unsigned long` haina ubaya, anwani inatosha humo. Ukigawanya `u64` kwenye ARM ya biti 32, tumia `div_u64`. Alama ya `/` itakuletea lalamiko la `__aeabi_uldivmod` wakati wa kuunganisha.

Bandika struct yako hapa pamoja na matokeo ya pahole (zana inayoonyesha mpangilio wa struct), tuone mashimo yako wapi.