Kilima cha mchanga kando ya barabara: je, ni hoteli inayokuja?

Swali: Shikamoo mhandisi. Naishi Kissimmee, Florida, nafanya usafi wa vyumba hotelini. Barabara ninayopita kwenda kazini inakatiza ndani ya eneo la Walt Disney World. Miezi minne sasa naona mambo mahali palipokuwa msitu: miti imekatwa, uzio wa kitambaa cheusi umezungushwa chini chini, vibendera vya rangi vimechomekwa kwenye majani, na kuna kilima cha mchanga kirefu kupita lori ambacho hakiguswi na mtu. Wenzangu wanasema ni hoteli mpya. Nataka kujua kabla sijasaini mkataba wa nyumba upande wa pili wa mji. Mtu wa kawaida atajuaje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na hicho kilima, kwa sababu ndicho chenye habari nyingi kuliko vyote ulivyotaja.

Florida ya kati ni nchi ya kinamasi. Mahali pengi, chini ya mchanga wa juu kuna tabaka la udongo mweusi wa mimea iliyooza, laini kama uji uliopoa. Ukisimamisha ghorofa juu yake litatitia, na baya zaidi litatitia upande mmoja. Dawa mojawapo ni kuulemea udongo huo kabla jengo halijaja. Mchanga unarundikwa pale pale jengo litakapokaa, unaachwa kwa miezi, uzito wake unakamua maji ya chini mpaka ardhi itulie, ndipo unaondolewa. Kwa hiyo kilima kisichoguswa huenda kiko kazini usiku na mchana.

Huenda pia ni mchanga uliowekwa akiba tu. Tofauti utaiona ukiwa barabarani. Mchanga wa akiba hurundikwa ovyo, una alama za matairi, na kila wiki umbo lake limebadilika. Mchanga wa kulemea una kilele kilichosawazishwa kama meza, na kingo zake zinafuata umbo la jengo. Kubwa zaidi, tafuta bomba la chuma linalochomoza juu ya kilima. Bomba hilo limesimama juu ya bamba lililolazwa chini kabisa kabla ya mchanga kumwagwa. Mpima ardhi huja na livelo yake, yaani darubini ya kupimia usawa, kusoma kichwa cha bomba kimeshuka kiasi gani. Nimewahi kushika daftari la namna hiyo: wiki za mwanzo ardhi inashuka kwa inchi, baadaye kwa unene wa kucha, halafu namba inajirudia ile ile wiki baada ya wiki. Siku hiyo ndipo mkandarasi anapoambiwa alete vijiko, yaani mashine za kuchota udongo, auondoe mchanga. Ukiona bomba na ukaona mpima anarudi rudi, jua kuna kitu kizito kinaandaliwa. Hakuna anayesubiri miezi yote hiyo kwa ajili ya bustani.

Vibendera havisemi mengi kama watu wanavyodhani. Rangi zake ni za kawaida Marekani nzima: bluu ni maji ya kunywa, kijani maji taka, zambarau maji yaliyosafishwa ya kumwagilia, nyekundu umeme, njano gesi, rangi ya chungwa simu na intaneti. Hivyo vinaonyesha kilichokwisha kufukiwa, ili mchimbaji asikikate. Vinavyoelekeza mbele ni vyeupe, yaani hapa patachimbwa, na vya waridi, ambavyo ni alama za muda za wapima. Uzio mweusi nao kazi yake ni kuzuia tope lisiingie mtoni mvua ikinyesha. Utauona kwenye hoteli, na utauona vile vile kwenye maegesho ya mabasi.

Sasa nikutahadharishe kuhusu ardhi iliyosafishwa, maana hapo hapo Disney imewahi kuwadanganya macho watu wengi. Walt Disney World ilipofunguliwa mwaka 1971, kando ya ziwa la Seven Seas Lagoon palikuwa na kiwanja kilichoandaliwa kwa hoteli ya mtindo wa Asia. Hoteli hiyo haikujengwa. Kiwanja kilikaa mpaka hoteli nyingine, Grand Floridian, ilipofunguliwa hapo mwaka 1988. Hoteli ya Pop Century, nayo ya Disney, iliibua kisa kigumu zaidi: nusu yake ya pili ilikuwa imekwisha kusimama majengo wakati utalii ulipoporomoka baada ya Septemba 2001. Majengo yale yalibaki magofu ng'ambo ya ziwa kwa takriban miaka kumi, kisha yakaingizwa katika hoteli nyingine, Art of Animation, iliyofunguliwa mwaka 2012. Na ule mradi wa hoteli kando ya ziwa Bay Lake uliotangazwa mwaka 2018, wenye vyumba zaidi ya 900, ulisimama mwaka 2020 ardhi ikiwa imekwisha kusafishwa. Umefufuliwa kwa jina la Disney Lakeshore Lodge na kutangazwa kuwa utafunguliwa mwaka 2027. Fikiria mtu aliyehamisha familia kwa kuiamini miti iliyokatwa mwaka 2019.

Ndiyo maana mimi naamini karatasi kuliko katapila. Nyaraka hizi ni za umma na unazisoma kwa simu yako bila kulipa. Ya kwanza iko South Florida Water Management District, mamlaka ya maji, kwa sababu mvua inayonyesha Disney hutiririka Reedy Creek kuelekea bonde la Kissimmee na hatimaye ziwa Okeechobee. Anayetaka kufunika ardhi kubwa kwa zege lazima aonyeshe maji yatakwenda wapi, na anaonyesha kwa mchoro. Usihangaike na maandishi ya kihandisi, tazama umbo: jengo jembamba refu lililopinda, bwawa la kuogelea katikati, maegesho pembeni. Ila angalia aina ya kibali. Kibali cha dhana (conceptual), yaani cha wazo la jumla la mradi, peke yake hakiruhusu kuanza kujenga.

Ya pili ndiyo ninayoipenda, nayo inaitwa Notice of Commencement, yaani tangazo la kuanza kazi. Nyumbani Tanzania tumezoea bango la mradi lenye jina la mmiliki, mkandarasi na mhandisi mshauri. Hii ni ndugu yake, lakini inasajiliwa: kaunti ya Orange kwa Comptroller (mdhibiti wa hesabu) wa kaunti, kaunti ya Osceola kwa karani wa mahakama, na nakala inabandikwa eneo la kazi. Maelezo ya kazi mara nyingi ni ya mkato mno, kwa hiyo soma mambo mawili mengine. Soma jina la mkandarasi: ni mchimba mitaro au ni mjenzi wa maghorofa? Kisha soma tarehe ya mwisho. Kwa kawaida hati hudumu mwaka mmoja, isipokuwa mmiliki ameandika muda mrefu zaidi. Hati ya mjenzi wa maghorofa inayodumu miaka miwili au mitatu ina uzito kuliko uvumi wa kazini. Na kazi isipoanza ndani ya siku 90 tangu kusajiliwa, hati hiyo inabatilika.

Zege la sakafu likishamwagwa, wewe utakuwa mtaalamu kuliko mimi. Unajua jinsi bafu la chumba kimoja linavyopeana mgongo na la jirani yake. Basi tazama mabomba yanayochomoza kwenye zege: mawili mawili, kwa nafasi zinazolingana, mstari mrefu pande mbili. Hakuna duka wala mgahawa unaopangwa hivyo. Kabla kuta hazijaja, utaona pia minara mitupu ya zege ya lifti na ngazi.

Lakini, binti yangu, tazama ukiwa nje ya uzio. Florida, kuingia eneo la ujenzi lililowekewa tangazo la kisheria la onyo ni kosa kubwa la jinai, na kwa mhamiaji kosa hilo linaweza kuharibu kila alichojenga. Droni nayo usirushe, anga ya juu ya Disney imezuiwa.

Kuhusu nyumba: jengo jipya la hoteli ya Disney iitwayo Polynesian, Island Tower, lilitangazwa Machi 2022 na kufunguliwa Desemba 2024, yaani karibu miaka mitatu. Wewe uko kwenye hatua ya mchanga. Hata ikiwa ni hoteli, leo si siku ya kuhama kwa ajili yake. Saini mkataba wa mwaka mmoja, usizidishe, na kila baada ya miezi mitatu tafuta upya kwenye rejista. Ukipata hati ya eneo hilo, nitumie namba yake na mchoro wa maji, nitakusomea.