Maswali Yenu Kuhusu Programu za Kupanga Njia za Magari ya Taka

Makala yangu iliyopita, iliyohusu kompyuta zinazopangia magari ya taka njia za kupita, imeleta barua nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua sita. Mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko nilikopata kushiriki kupanga mizunguko ya magari hayo.

Dereva wetu amezoa taka katika mji huu kwa miaka kumi na mitano. Programu itamfundisha nini asichokijua? (Afisa mazingira, Morogoro)

Kuhusu mitaa yenyewe haitamfundisha lolote, na muuzaji atakayewaambia vinginevyo msimsikilize. Dereva huyo anajua daraja lisilobeba gari lililojaa, soko linalofunga barabara siku ya gulio, na mlima ambao utingo hulazimika kushuka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Kinachomshinda, kama kinavyomshinda binadamu yeyote, ni hesabu. Vizimba 10 vya taka vinaweza kupitiwa kwa mifuatano 3,628,800 iliyo tofauti, na vikifika 20 idadi hiyo huwa na tarakimu 19. George Dantzig na John Ramser waliliandika tatizo hili kihisabati mwaka 1959 wakiwa na malori ya kusambaza petroli mawazoni, na mwaka 1974 Edward Beltrami na Lawrence Bodin wakachapisha kazi yao juu ya uzoaji wa taka mijini. Hata kompyuta haipimi mifuatano yote. Huanza na mpango wa wastani, ikahamisha kituo kimoja kutoka gari hili kwenda lile, ikageuza kipande cha njia, na kuendelea hivyo maelfu ya mara mpaka isipoona nafuu nyingine.

Kuna jambo moja ambalo manispaa nyingi hulipita bila kuliangalia. Kuzoa kwenye vizimba ni tatizo la vituo, lakini kuzoa nyumba kwa nyumba ni tatizo la barabara, kwa sababu gari linapaswa kupita mtaa mzima huku likirudia mitaa michache iwezekanavyo. Hili la pili lilielezwa na mwanahisabati wa China, Guan Meigu, mwaka 1960, akimfikiria mgawa barua. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupeleka vifurushi huifanya kila nyumba kuwa kituo, ikampa dereva orodha ndefu ambayo ataitupa kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kununua, ulizeni kwanza inatatua tatizo lipi kati ya hayo mawili. Hakikisheni pia kwamba inajua tunaendesha upande wa kushoto, maana kwetu kona inayopoteza muda na kuleta ajali ni ile ya kukata kulia, kuvuka magari yanayokuja.

Halmashauri yetu ni ndogo na haina fedha za programu ya bei kubwa. Tuache? (Mhasibu, Kanda ya Ziwa)

Msiache. VROOM, inayopanga mizunguko, na OSRM, inayopima umbali na muda wa barabarani, ni programu huria zisizo na ada ya leseni. OSRM husoma OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuirekebisha, na VROOM huchukua vipimo vyake kutoka OSRM. Kata nyingi za Dar es Salaam zimechorwa humo kwa undani kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaani pamoja na wakazi. Mnachohitaji kugharamia ni mtu: kijana mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta, aajiriwe, asiwe wa kujitolea, apande gari la taka kwa wiki mbili akiwa na simu inayorekodi njia, akiandika upana wa kila barabara na muda wa kila kituo. Ramani hiyo iwe na sura mbili, ya kiangazi na ya masika. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kwa mfano, imefungwa mara nyingi pale Jangwani mvua zilipozidi, na mpango usiolijua hilo huharibika siku ambayo taka zinahitaji kuondolewa zaidi.

Magari yangu hutumia siku nzima njiani kwenda dampo. Kupunguza mizunguko mitaani kutanisaidia nini? (Mkandarasi, Dar es Salaam)

Ndugu, umegusa penyewe. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, na hakuna programu itakayolisogeza. Lakini fuatana nami katika hesabu hii ya mfano. Gari hujazwa kwa saa mbili na nusu. Kwenda dampo na kurudi, kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ni saa mbili na dakika 24. Foleni ya mizani na kumwaga ni saa moja. Tripu moja ni saa tano na dakika 54, na tripu mbili ni saa 11 na dakika 48, hali zamu ni ya saa 10. Programu ikikupunguzia nusu saa mitaani kwa kila tripu, mbili bado zinakuwa saa 10 na dakika 48. Utaokoa dizeli kidogo, lakini tripu ya pili haiingii, na taka za mtaa wa pili zinalala palepale.

Sasa tuseme programu hiyohiyo inaruhusiwa kupanga pia saa za kuondoka, ikaanzisha tripu ya kwanza saa kumi alfajiri ili gari liwahi dampo kabla ya foleni ya mjini, na hapo dakika 50 zikapatikana. Jumla inashuka hadi saa tisa na dakika 58, na gari lilelile, kwa dereva yuleyule, linapeleka tripu mbili badala ya moja. Ndiyo maana husema faida ya programu hizi haiji polepole kama maji ya bomba. Huja kwa mkupuo, tripu nzima inapopatikana. Ukiona hata kwa kuamkia alfajiri haiingii, basi hesabu imekuonyesha kwamba hitaji lako ni kituo cha kati cha kuhamishia taka kwenye malori makubwa, na sasa unazo tarakimu za kupeleka manispaa.

Na unapoipa programu takwimu zako, jaza uzito wa taka kwa tani za mizani, usijaze kwa ukubwa wa bodi. Taka zetu ni maganda na mabaki ya chakula, zina maji mengi, na wakati wa maembe gari huzidi uzito kabla halijaonekana kujaa.

Tumefungiwa GPS kwenye magari. Je, itatumika kutukata mishahara? (Dereva)

Hofu yako ni ya haki, na nimewahi kuona ikitimia: meneja mmoja alitumia rekodi za kifaa hicho kuwaadhibu madereva, na ndani ya mwezi vifaa vingi vilikuwa "vimeharibika". Ombeni kwa maandishi kwamba rekodi zitumike kupanga njia tu, na kwamba dereva aruhusiwe kukataa sehemu ya njia akitoa sababu, sababu hiyo iingizwe kwenye ramani. Mpango ambao dereva hakuulizwa haufiki wiki ya pili.

Tununue vihisio vya kupima kama mapipa yamejaa? (Diwani)

Kwa pipa linalojaa kila siku, kihisio kitakuambia unachokijua tayari. Fedha hizo nunueni mapipa.

Gari halifiki kwetu, linaishia kwenye lami. Programu itatuona? (Mkazi, Temeke)

Dada yangu, jibu linategemea programu imeagizwa nini. Ikiambiwa ipunguze kilomita na dizeli peke yake, itaanza kwa kuwaacha ninyi, kwa sababu mtaa wenye njia nyembamba ndio wenye gharama kwa kila kilo ya taka, na kompyuta haitaona aibu. Ikiambiwa kwanza kwamba kila mtaa uliolipa ada ya taka lazima uhudumiwe siku yake, kisha ndipo itafute njia fupi, itawapangia guta la kutoa taka ndani hadi kizimbani na gari litakalolikuta hapo kwa saa inayojulikana, badala ya marundo kusubiri siku tatu mpaka mvua iyasukume mtaroni. Kuiagiza hivi au vile ni uamuzi wa watu, na mimi naona haupaswi kufanywa na fundi peke yake ofisini. Katika mkutano wa mtaa ujao, mwombeni mwenyekiti adai kutoka kwa mkandarasi orodha ya mitaa, siku na saa za kila gari, ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Kisha wekeni daftari, na kila siku ya zamu mtu mmoja aandike saa ambayo gari limefika, au kwamba halikufika.