MGB kuzima foleni ya Kimara kabla ya rali

Kaka, umeuliza kwa nini MGB yako (gari dogo la michezo la zamani la Uingereza) inazima kwenye foleni ya Kimara, Dar, kabla ya rali. Gari inayozima kwenye foleni kisha ikipoa inawaka, usikimbilie kununua koili ya moto wa plagi. Kwenye MGB kabureta zote mbili (za aina ya SU) zimekaa juu ya manifodi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi wa injini), upande uleule, kwa hiyo jua la mchana likiongezeka petroli inachemka na kuwa mvuke. Rudisha lile bati la kukinga joto (mafundi wengi hulitupa!), na mpira wa petroli upitishe mbali na eksozi. Pampu ya petroli iliyo nyuma ikigonga mfululizo bila kutulia, inavuta hewa: kaza klipu, angalia tangi. Nafasi kati ya pointi za distribyuta (vigusio vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili) iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Safari ya rali kutoka Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Beba feni belti, kondensa ya distribyuta na maji lita 5.