Re: Wanafunzi wa chuo hawafungui mdomo kwenye kipindi cha Kiingereza

Mkuu umeuliza utawafanyaje wa mwaka wa kwanza waongee na maadili yaingie humo humo bila kuwahubiria. Mi nafundisha hapa Mwanza, cha kwanza punguza kuongea wewe. Kipindi cha dakika 60 ukiongea 45 na darasa lina watu 50, kila mmoja anabakiwa na sekunde 18 tu, ataongea saa ngapi?

Halafu wengi hawa msingi wamesoma kwa Kiswahili, wamefika sekondari lugha ikageuka ghafla na wakikosea wanachekwa, ndo maana wanaogopa. Kwangu kumcheka mtu ni marufuku, na hapo somo la maadili limeshaanza aisee.

Nawagawa wanne wanne nawapa kisa cha huku huku ziwani: kijana ana mkopo wa boti, samaki hapati, rafiki anamshawishi atumie kokoro, ule wavu wa kuburuta, na kokoro limekatazwa kwa sababu linazoa mpaka samaki wachanga. Mmoja anakuwa mvuvi, mwingine rafiki, mwingine mama muuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, mwingine afisa uvuvi, wabishane weee kisha wabadilishane nafasi, yule aliyekuwa afisa sasa ndo ana deni. Utashangaa wanavyolainika.

Grama usimkatishe mtu nayo, andika pembeni mtarekebisha dakika 5 za mwisho. Na hukumu usitoe wewe, waache wafikie wenyewe hata kama inauma kunyamaza.