Wamontano walikuwa akina nani, na walikosea wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika kikundi chetu cha maombi kuna dada anayetoa unabii. Ametukataza nyama, na mjane mmoja aliyekwisha kuchumbiwa ameambiwa akiolewa tena atapotea. Katekista anasema huo ni Umontano. Ndio nini?

JIBU: Milele amina. Wamontano walitokea Frigia, katika Uturuki ya leo, baada ya mwaka 150 hivi. Montanus alianza kutabiri, wakafuata wanawake wawili, Priscilla na Maximilla. Kijiji cha Pepuza wakakiita Yerusalemu.

Usiwadharau, mwanangu. Imani ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu waliishika, na Tertullian wa Karthago, mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa la Afrika, alivutwa nao mnamo 207. Walifunga kwa chakula kikavu, bila nyama, mchuzi wala divai, hata kuoga wakaacha. Tertullian alifundisha kwamba haifai kukimbia dhuluma. Mjane hakuruhusiwa kuolewa tena. Wahubiri wao walilipwa mishahara, jambo lililowashangaza Wakristo wa siku zile.

Kufunga si kosa. Kosa ni kuyafanya maneno ya nabii kuwa sheria juu ya Injili. Mtume Paulo anamruhusu mjane kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu (1 Kor 7:39). Wao wakafunga mlango huo kwa jina la Roho yuleyule. Tena Montanus alidai mtu ni kama kinubi, Mungu anakipiga, na mtu mwenyewe amelala. Paulo anasema roho za manabii huwatii manabii (1 Kor 14:32). Nabii wa kweli hapotezi akili zake, wala hakatai kuulizwa.

Maximilla alitangaza kwamba baada yake hakuna nabii tena, ila mwisho. Akatabiri na vita. Mwandishi mmoja aliyenukuliwa na Eusebius wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anauliza: imepita miaka zaidi ya 13 tangu afe, vita hivyo viko wapi?

Dada huyo msimfukuze. "Msitweze unabii, jaribuni mambo yote" (1 Thes 5:20-21). Mlezi wa kikundi aende naye kwa paroko, maneno yake yapimwe. Anayetaka kufunga nyama afunge kwa hiari yake. Na yule mjane aendelee na maandalizi ya ndoa yake.